Kiulimi cha Redio ya Minnesota

Redio ilinyamaza katikati ya neno. Dereva wa lori ndiyo kwanza alikuwa anasema, “Leo pale Mteremko…” kisha kimya, hata mkwaruzo haukubaki. Celestine aliitikisa, akaipigapiga kwenye kiganja, akaigeuza afungue kijumba cha betri. Hapo akapiga ukelele uliowafanya wanawake wote wa kituo waache kuchambua majani yao ya chai na kumtazama.

Nyuma ya redio palikuwa pamechomelewa. Mtu alikuwa ameyeyusha plastiki nyekundu ya beseni kwa kisu cha moto, akaipaka kuzunguka kifuniko chote cha betri kama anayekandika ukuta, akalainisha kwa kidole, akaridhika na kazi yake. Hapakuwa na mahali pa kuingiza hata ukucha.

“Nani?” Celestine aliuliza. “Nataka jina tu. Mengine niachieni mimi.”

Redio hiyo haikuwa ya nyimbo wala mahubiri. Nyanchera, binti yake anayehudumia wazee huko Minnesota, aliinunua ikiwa kuukuu akamtumia mama yake kwa sababu mama alimwomba kitu kimoja tu: kitu cha kusikiliza madereva wa malori ya majani. Malori hayo yalikuwa na redio za mkononi za kuzungumzia, maana simu hufa kwenye mabonde, na redio ya Minnesota iliwanasa wote, wakiongea ukweli na upuuzi wao.

Na ukweli wao ulikuwa na maana kubwa. Kituo cha kupimia majani cha kina Celestine kilikuwa chini ya mteremko, mbali na lami, upande wa Ikonge. Mvua ikinyesha, madereva waliona tope, wakaambiana, “Mteremko tuachane nao,” wakapita zao juu bila kumwambia mtu. Wanawake walibaki chini na majani waliyochuma tangu alfajiri, yakipata joto ndani ya mifuko mpaka yanageuka mekundu, na majani mekundu hakuna karani wa kuyapima. Lakini mtu akijua mapema kwamba lori halitashuka, mifuko hupandishwa lami, na hakuna dereva wa kulipitisha lori mbele ya wanawake wamejipanga barabarani na mizigo kichwani. Siku mbaya zaidi ilikuwa Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia, na majani ambayo hayajapimwa hayaguswi tena hadi Jumapili. Kufikia Jumapili ni mbolea.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya kilima.

Redio ilikuwa na udhaifu mmoja. Kifuniko cha betri kilishikiliwa na kiulimi cha plastiki, chembamba kama ukucha wa mtoto. Kiulimi hicho kilishavunjika mara moja, na Ogada, fundi wa Kisii mjini, alikiunga kwa supa gluu kisha akamwambia ukweli: “Mama, hii ikivunjika tena, pole. Spea yake haiko Kisii, haiko Nairobi, haiko mahali.” Tangu hapo Celestine aliweka sheria. Kijumba cha betri hufunguliwa na yeye peke yake, kwa nyama ya kidole gumba, si kwa ukucha, upande wa kushoto kwanza, polepole, mpaka kiulimi kiachie chenyewe. Mumewe Duncan hakuruhusiwa. Watoto hawakuruhusiwa. Watu walimcheka, wakasema anaifungua kama anayemvua nguo mtoto mgonjwa. Aliwaambia wacheke tu, watalia mvua ikija.

Sasa mvua ilikuwa inakuja, na macho ya Celestine yalitua kwa Gibson. Gibson alikuwa shemeji yake, mdogo wa Duncan, mtu mzima mwenye ndevu na mikono isiyotulia. Alishaifungua pasi ya Celestine akairudisha na skrubu mbili zimezidi. Alishaifungua cherehani.

“Wewe!” Celestine alimwendea mbele ya kituo kizima. “Mikono yako ina pepo gani? Kila kitu cha watu lazima ukipasue tumbo?”

“Shemeji, hiyo sijagusa.”

“Hujagusa! Na pasi pia hukugusa?”

“Pasi niligusa,” Gibson alisema. “Hiyo sijagusa.”

Celestine hakumsikia. Alimpasha mpaka wanawake wengine wakaanza kuangalia chini kwa kumwonea aibu. Gibson alisimama, akasikiliza yote, akawasha pikipiki yake akaondoka. Mvua ikashuka. Lori halikushuka. Jua lilizama nyuma ya mawingu bila mtu kuliona, na majani ya kijiji kizima yalimwagwa kwenye migomba. Kesho yake kanisani Celestine aliimba nyimbo zote za Sabato meno yakiwa yamekazwa.

Jumapili asubuhi alikuwa Kisii, kwenye kibanda cha Ogada. Ogada alikuwa mtu wa ziwani aliyekaa mjini humo mpaka akajua kutukana kwa Ekegusii bila kukosea. Aliichukua redio, akaitazama nyuma, akacheka, halafu akaona uso wa mteja wake akaacha.

“Mama, hii ni kazi ya nani? Hii mtu si fundi. Hii mtu anajenga ukuta.”

“Fungua kwanza. Utacheka baadaye.”

Ogada alipasha moto kipande cha msumeno, akakata taratibu kufuata ukingo wa ile plastiki nyekundu. Kifuniko kilitoka vipande. Upande mmoja wa kijumba ulikuwa umeyeyuka pamoja nacho, ukaja na springi yake. Celestine alihisi kama anang'olewa jino yeye. Kisha Ogada akamwaga betri nne mezani, akaziangalia, akamwita asogee.

“Hizi zimetafunwa,” alisema. “Cheki. Meno.”

Celestine hakushangaa kwamba betri zimetafunwa. Kwao kila mtu anajua: betri ikichoka unaianika juu ya bati ipate jua, halafu unaiuma katikati, nayo inafufuka kwa nusu siku. Watu wa mjini wanacheka, lakini inafufuka. Kilichomfanya akae chini kwenye benchi la Ogada ni alama zenyewe. Kila betri ilikuwa na mabonde mawili upande mmoja. La kwanza limesimama wima, la pili limelala upande. Aliyajua meno hayo. Aliyaona kila siku kwenye vipande vya viazi vitamu vilivyorudi na sahani. Alikuwa akiyapikia tangu aolewe.

Yalikuwa meno ya Mzee Mokua, baba wa mumewe.

Hasira ya Celestine ilipanda hadi kooni, ikakwama pale. Kama ingekuwa ya Gibson, angeitapika. Kama ingekuwa ya Duncan, angeitapika mara mbili. Lakini kwa Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mke wa mwana na baba mkwe. Hampi mkono. Hampandishii sauti. Mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na katika boma la Mokua mambo yalishikwa kwa nguvu zaidi: hata kikombe cha chai hakikutoka mkono kwa mkono. Celestine alikiweka kwenye kigoda uani, akarudi nyuma, na mzee akakichukua. Siku zote walizoishi boma moja walikuwa wamesalimiana tu. Sasa amwambie nini? Aanzie wapi?

“Itafanya kazi?” alimuuliza Ogada kwa sauti ndogo iliyomtia fundi wasiwasi kuliko kelele.

Ogada alikunja springi ya kalamu, akaichomelea pale penye shimo, akaweka betri mpya. “Ukibonyeza hapa na kidole, itaongea. Ukiachia, imekufa. Kufunga na blada, ile raba ya tairi, haisaidii, nimejaribu. Hii sasa inataka mtu.”

Jioni hiyo Celestine alimgeukia mumewe. Duncan alikuwa mwalimu wa shule moja ya Sironga, mtu anayenyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu.

“Wewe ni mwanawe. Kamwambie.”

“Nitamwambia.”

Alienda, akakaa kwa baba yake muda mrefu, akarudi na mkungu wa ndizi begani.

“Umemwambia?”

“Tumezungumza.”

“Kuhusu nini, Duncan?”

Duncan aliushusha mkungu kwa uangalifu mkubwa. “Mvua,” alisema.

Celestine alimwangalia mwanamume huyu aliyezaa naye watoto, akaona kwamba usiku huo akifungua mdomo, ndoa itaumia. Akatoka, akaenda kwa Gibson, maana hilo angalau lilikuwa mikononi mwake. Alimkuta anaosha pikipiki.

“Gibson, haikuwa wewe.”

“Najua haikuwa mimi.” Gibson hakuinua kichwa. “Uliniambia mbele ya watu, shemeji. Niambie mbele ya haohao.”

Alikuwa na haki, na hilo lilimwongezea Celestine hasira badala ya kumpunguzia. Alilala nayo, akaamka nayo, akachuma chai nayo. Jumatano ikamshinda. Mzee Mokua alikuwa ameketi nyuma ya uzio wa migomba, kofia yake ikionekana, redio yake ndogo ikitangaza vifo. Celestine alisimama upande wake wa uzio, mgongo kwake, akamkabili kuku mwekundu aliyekuwa akijipekulia mchanga.

“Wewe kuku!” alisema, na sauti ilifika mbali. “Nani alikutuma uguse kisicho chako? Ukivunja kitu, si unasema umevunja? Wewe unakifukia! Unaziba kwa beseni, unaondoka unatembea na mabawa yako, watu wanamwaga majani ya kijiji kizima! Na mtu asiye na hatia anatukanwa! Mzima kama wewe! Huoni haya?”

Kuku alimtazama kwa jicho moja. Nyuma ya migomba, ile redio ndogo ilizimwa. Kikohozi kimoja kikasikika. Celestine aliingia jikoni, akavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Ijumaa ikafika, na mvua ikafika nayo, ile ya kudondoka kidogokidogo inayotosha kulainisha barabara. Mchana kutwa Celestine alichuma mikono yote miwili ikiwa kazini, redio akiwa ameiacha kwenye benchi chini ya upenu wa jikoni. Tangu irudi kutoka kwa Ogada aliijaribu mara nyingi, akabonyeza mpaka kidole kikauma, ikaongea neno moja na kufa. Alipoona jua limeanza kuegemea aliacha kikapu kwa wenzake kituoni, akapanda mbio nyumbani ajaribu tena.

Aliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inaongea.

Mzee Mokua alikuwa ameketi kwenye kigoda, uani mwa Celestine, nje ya jiko lake. Redio ilikuwa mikononi mwake, kidole gumba, kipana kuliko cha Celestine, kimezama kwenye kile kijumba kilicho wazi, na kifaa kilikuwa kinakwaruza na kusema kama siku ilipotoka Minnesota. Alimwona Celestine. Akainuka, akaiweka redio kwenye kigoda, akarudi nyuma, kama ilivyo desturi.

Redio ikafa.

Celestine aliichukua, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kimya. Aliirudisha kwenye kigoda, akarudi nyuma. Mzee akaja, akaiokota, akaingiza kidole chake mahali pale alipopaharibu mwenyewe, na redio ikafunguka ikaanza kusema. Akaiweka. Ikafa. Celestine akaichukua. Kimya. Kama mtu angewatazama kutoka barabarani angedhani ni mchezo wa watoto, na Celestine alikaribia kulia kwa ghadhabu.

Mwishowe mzee alibaki nayo, akaiweka sikioni. Hapo likatokea tatizo la pili: Mzee Mokua hakuwa anasikia vizuri.

“Kuna mtu anaongea,” alisema, akiiambia migomba.

“Anasema nini?” Celestine aliiuliza migomba hiyohiyo.

“Anaongea.”

Kule chini wanawake walikuwa wamekaa juu ya mifuko yao. Jua lilikuwa linashuka. Sauti ya dereva ilikuwa pale, ndani ya sikio la mzee asiyesikia, umbali wa kigoda kutoka kwa mtu anayesikia. Kitu kilichokuwa kimekwama kwenye koo la Celestine tangu Kisii kikatoka.

“Baba! Iondoe sikioni, wewe husikii! Igeuze huku! Bonyeza! Usilegeze, Baba, bonyeza!”

Haikuwahi kutokea. Hata kuku walisimama. Mzee Mokua aliiondoa redio sikioni, akaigeuza, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, na Celestine akaja, akainama, akaweka kichwa chake karibu na kifua cha baba mkwe wake mpaka akasikia harufu ya dawa yake ya kuchua magoti.

“…Mteremko hapana,” redio ilisema. “Kuko na matope mbaya. Hao tutaona wiki ijayo.”

“Sawa sawa. Niko Ikonge napakia. Natoka saa hii, napitia lami tu.”

“Wiki ijayo!” Celestine alinyanyuka. “Umesikia? Husikii! Wamesema wiki ijayo! Ijumaa ile walisema hivihivi na mimi sikuwasikia, kwa sababu wewe uliziba! Kwa nini uliziba, Baba? Kiulimi kikivunjika, si unasema kimevunjika?”

Mzee hakulegeza kidole. “Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Wewe.”

Celestine alirudi hatua moja nyuma.

“Betri zilikuwa zimechoka, nayo uliiacha kwenye benchi hapo nje,” mzee alisema, akiitazama redio. “Nilizipa jua, nikaziuma, zikutoshe Ijumaa. Kurudisha kile kifuniko, kile kidude kikavunjika mkononi. Ningemwambia nani? Mimi sisemi nawe, wewe husemi nami. Nikasema nikiziba vizuri, hutaona.”

“Nisione? Beseni jekundu?”

“Lilikuwa ndilo beseni lililokuwapo,” alisema Mzee Mokua.

Kulikuwa na mengi ya kumjibu na hapakuwa na wakati. Celestine alikuwa ameshageuka. “Usiachie!” aliamrisha akikimbia. “Wakibadilisha njia, piga kelele! Usiachie, Baba!”

Aliteremka akipiga ukunga tangu kwenye kona ya kwanza, na wanawake, waliomjua, hawakuuliza swali. Mifuko ilipanda vichwani. Gibson alikuwa pale na pikipiki yake, akimtazama tu. Celestine alisimama mbele yake, anahema, matope mpaka magotini.

“Sikilizeni nyote!” alipaza sauti. “Gibson hakugusa redio! Nilimtukana bure! Mimi ndiye niliyekosa!” Kisha, kwa sauti ileile, “Sasa funga mifuko kwenye hiyo pikipiki, mbona umesimama?”

Gibson alifunga mifuko. Alicheka, lakini alifunga.

Walifika lami kabla ya lori. Lilipojitokeza kwenye kona liliwakuta wamejaa barabarani, upande hadi upande, mizigo kichwani na mvua mabegani, nalo likasimama kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya. Karani alichungulia dirishani.

“Nani aliwaambia tunapitia hapa?”

“Pima,” alisema Celestine.

Akapima. Alipima kwa uso mrefu, akijikwaa kwenye mizani, kila mara akitupa jicho kwa yule mwanamke aliyesimama mikono kiunoni bila kumpa hata tabasamu la adabu. Mfuko wa mwisho ulipanda garini jua likiwa bado juu kidogo ya kilima.

Celestine alirudi nyumbani peke yake, polepole. Alitegemea hasira iwe imekwisha, lakini ilikuwa bado ipo, imekaa palepale. Alikuwa na hasira na madereva, na hasira na Duncan na mvua yake, na hasira na mzee ambaye kwa hofu yake alimwaga majani ya kijiji. Na chini ya hizo alikuwa na hasira nyingine asiyoijua jina, ya kwamba mtu aliishi jirani naye miaka yote hiyo akimwogopa, na yeye hakujua.

Uani, Mzee Mokua alikuwa ameketi kwenye kigoda vilevile alivyomwacha. Mvua ilikuwa imemlowesha kofia na mabega. Redio ilikuwa bado inakwaruza mikononi mwake. Madereva walikuwa wanaagana.

“Wamekwisha kupima, Baba. Achia.”

“Uliniambia nisiachie.”

“Sasa nakwambia achia.”

Mzee aliutazama mkono wake. “Hautaki,” alisema. “Umekufa ganzi. Nimejaribu.”

Celestine alisimama. Duncan alikuwa hajarudi kutoka Sironga. Gibson alikuwa bado barabarani. Hapakuwa na kigoda cha kuwekea kitu hiki. “Mimi bado nimekasirika,” alimwambia, ili ijulikane.

“Najua,” alisema mzee. “Nilisikia ulivyomwambia kuku.”

Jua lilikuwa linagusa kilima. Celestine alichuchumaa mbele yake, akaushika mkono wa baba mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Ulikuwa wa baridi, mwepesi kuliko alivyodhani. Akaanza kukifungua kile kidole kwa nyama ya kidole gumba chake, si kwa ukucha, upande wa kushoto kwanza, polepole, mpaka kikaachia chenyewe.